Skyrim: sumu haiui, upanga wa uchawi unaishiwa chaji. Nakosea wapi?

mshale_kimya ameuliza:

Habari zenu wakuu. Nacheza Skyrim, mchezo wa video wa mapigano na uchawi, mhusika wangu anatumia upinde na upanga wa mkono mmoja. Alchemy (ustadi wa kupika dawa na sumu) iko 42, perki (uwezo wa ziada unaonunuliwa kwa pointi) ya Alchemist nimeichukua mara mbili. Enchanting (ustadi wa kutia uchawi kwenye vifaa) iko 35, Enchanter mara moja tu. Kuna mambo manne yananitatiza.

Sumu yangu ya kawaida ni Deathbell na Nightshade. Skrini inaniandikia Damage Health (kupunguza uhai) 20. Nikiingia kwenye makaburi ya zamani draugr (maiti anayetembea) haimgusi kabisa, ni kama nimempaka maji.

Upindeni nusu ya sumu zinapotea bila kumdhuru mtu. Kwenye upanga hazipotei hivyo.

Nilichanganya Falmer Ear na Troll Fat nikapata sumu yenye athari tatu na bei nzuri. Ila kila ninayempiga nayo, sumu ninayompaka baadaye inamfanyia kazi kidogo sana.

La nne ni upanga. Nimeutia moto kwa jiwe la roho la Petty (la roho ndogo kuliko zote), unaonyesha Fire Damage 12. Mapigo machache tu chaji imekwisha. Nikitafuta jiwe la Grand (la roho kubwa kuliko zote) moto utapanda mpaka ngapi? Na je, sumu na uchawi zinaweza kukaa kwenye silaha moja?

Majina ya vitu nayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili tusipotezane.

mkemia_wa_Morthal amejibu:

Karibu mkuu. Nashika upande wa sumu, wa mawe ya roho watakuja wenyewe.

Draugr ana kinga ya sumu 100%. Mifupa inayotembea ni hivyo hivyo, na mashine za Dwemer pia. Hata uongeze nguvu kiasi gani, asilimia mia ya kinga inakula yote, kwa hiyo ukiingia kaburini acha chupa zako mkobani, tumia moto. Kwa watu walio hai angalia kabila: Redguard na Wood Elf wana kinga ya 50%, maana sumu yako ya 20 kwao ni 10. Jambazi mmoja anakufa na mwenzake anaendelea kusimama, watu wanadhani ni bahati, kumbe ni kabila.

Sasa nguvu ya sumu yenyewe. Kila athari ina thamani yake ya msingi. Mchezo unaichukua hiyo thamani, unaizidisha kwa 4, halafu unaizidisha kwa 1 jumlisha ustadi wako wa Alchemy ukigawanywa kwa 200, halafu perki zinakuja juu yake. Kwako wewe: 42 gawanya kwa 200 ni 0.21, kwa hiyo 4 mara 1.21 ni 4.84. Alchemist mara mbili ni 40%, kwa hiyo 4.84 mara 1.4 ni 6.78. Iandike hiyo 6.78 mahali. Ndiyo namba yako, kila athari utakayoipika leo inapita hapo.

Damage Health ya kawaida ina msingi wa 2. Deathbell ina upendeleo, yake ni mara 1.5, yaani 3. Tatu mara 6.78 ndiyo ile 20 yako. Ungetumia Nightshade na Imp Stool pasipo Deathbell ungeona 14. River Betty, yule samaki mdogo wa mitoni, anabeba mara 2.5, yaani 5, na tano mara 6.78 ni 34. Kubadilisha kiungo kimoja tu kumekupa zaidi ya nusu ya nguvu uliyokuwa nayo.

Lakini Damage Health siyo athari nzuri kuliko zote kwa levo yako, na hapa ndipo wengi wanapokwama miaka. Kuna Lingering Damage Health. Msingi wake ni 1 tu, ukiiangalia kwenye skrini inaonekana dhaifu: kwako itaandika 7. Ila ile 7 ni kwa kila sekunde, na inadumu sekunde 10. Hesabu: 6.78 mara 10 ni 68. Sumu inayoandika 7 inatoa uhai mara tatu zaidi ya ile inayoandika 20.

Mapishi ninayokupa ni Imp Stool, River Betty na Slaughterfish Egg. Imp Stool ndiyo kiungo cha katikati: inakutana na River Betty kwenye Damage Health, na inakutana na Slaughterfish Egg kwenye Lingering Damage Health. River Betty na yai havina kitu wanachoshirikiana, kwa hiyo hakuna takataka inayoingia. Unapata 34 papo hapo na 68 ndani ya sekunde 10, jumla 102 kwa chupa moja, mkononi mwa mtu mwenye Alchemy 42. Mayai yanapatikana kwenye viota vilivyo majini, ukingoni mwa maziwa na mito. Imp Stool ni uyoga wa mapangoni.

Ukikosa mayai tumia Orange Dartwing, yule kereng'ende wa rangi ya chungwa. Ila usiweke vyote viwili kwenye chungu kimoja. Orange Dartwing na Slaughterfish Egg vinashirikiana Fortify Pickpocket (kuongeza ustadi wa kuiba mifukoni), na hiyo itaingia kwenye sumu yako bila kukuuliza.

Hilo linanileta kwenye Falmer Ear na Troll Fat. Viungo hivi viwili vinashirikiana vitu vitatu: Frenzy (kumchanganya adui apigane na wenzake), Damage Health na Resist Poison. Ile ya tatu ndiyo inayokumaliza. Chupa inaitwa sumu au dawa kulingana na athari iliyo ghali kuliko zote ndani yake, lakini athari nyingine zote zinabaki humo humo. Kwa hiyo unampaka mtu sumu ambayo ndani yake mna dawa ya kumkinga na sumu. Zile unazompiga nazo baadaye zinakuta mlango umefungwa. Ukitaka Frenzy safi, Falmer Ear na Blisterwort vinakutana hapo tu. Na kwa maoni yangu Frenzy haitakiwi kuambatana na Damage Health hata kidogo: unataka yule jamaa awe mzima, apigane na wenzake kwa niaba yako. Angalia pia namba inayoandikwa kwenye Frenzy, ni kikomo cha levo. Adui aliye juu ya hiyo levo hachanganyikiwi.

Upinde: sumu inahama kutoka kwenye upinde kwenda kwenye mshale wakati unaachia. Mshale ukienda kugonga mti, sumu imeenda nao. Upanga hausemi hivyo, unakaa na sumu yake mpaka uguse mwili. Kwa hiyo sumu ya gharama usiipake upindeni kwa shabaha inayokimbia. Mpake adui aliyesimama, hajakuona, uko umbali unaoujua.

Halafu perki. Uko 42, tayari unaruhusiwa Alchemist ya tatu kwa sababu inadai 40. Chukua na Physician halafu Poisoner, ambayo inadai 30 tu na inaongeza sumu kwa 25%. Pointi tatu za perki. Namba yako inatoka 6.78 inakuwa 9.68, na mapishi yale yale yanapanda kutoka 102 hadi karibu 145. Ukifika 60, Concentrated Poison inafanya chupa moja itoshe mapigo mawili. Hakuna perki nyingine kwenye mti ule inayolingana na hiyo, maana inakata matumizi ya viungo kwa nusu.

fundi_roho amejibu:

Mkemia kasema vizuri. Nakuja kwenye upanga.

Hilo swali la Grand lina kosa ndani yake, na ni kosa linalowamalizia watu mawe mazuri. Kwenye silaha, ukubwa wa roho hauongezi moto. Unaongeza tangi la chaji peke yake. Petty ni 250, Lesser 500, Common 1000, Greater 2000, Grand 3000. Ungeutia upanga ule ule kwa Grand bado ungeandika Fire Damage 12, ila tangi lingekuwa kubwa mara kumi na mbili. Kwenye nguo, pete na mikufu ndipo ukubwa wa roho unapogeuza nguvu, kwa sababu vile havina chaji, vinafanya kazi muda wote.

Kwa hiyo upanga wako haujaharibika. Umejaza kikombe ukitarajia ndoo. Tuchukue mfano kila pigo linakula 25: kwa 250 una mapigo 10, kwa 3000 una mapigo 120. Na ukubwa wa tangi unabaki vile ulivyouanza. Ukija kuuchaji baadaye kwa jiwe kubwa, utajaa mpaka 250 ile ile na roho iliyobaki imepotea. Upanga unaotaka kuutumia kwa muda mrefu uanze kwa Grand, halafu uwe unauchaji kwa mawe madogo.

Kuna kitu cha pili, ule mshale wa kusogeza kwenye meza ya uchawi kabla hujakubali. Wengi wanauacha mwisho kulia. Ukiurudisha nyuma nguvu inashuka na idadi ya mapigo inapanda, na inapanda kwa kasi kidogo kuliko nguvu inavyoshuka. Ukikata moto nusu, mapigo yanazidi mara mbili. Kwa upanga wa vita usiurudishe sana, lakini kwa uchawi unaopimwa kwa sekunde urudishe mpaka mwisho kushoto. Soul Trap (kunasa roho ya unayemuua) ni mfano mzuri. Sekunde 1 inatosha, kwa sababu kila pigo linaanza kuhesabu upya, na pigo la kuua ndilo unalolihitaji. Watu wanaiacha kwenye sekunde nyingi halafu wanalalamika chaji.

Hapo hapo, kama hujapata, tafuta Steel Battleaxe of Fiery Souls, iko Ironbind Barrow. Ivunje kwenye meza ujifunze Fiery Soul Trap. Uchawi huu una moto na kunasa roho kwa pamoja, na ule mshale wa kusogeza unagusa sekunde za kunasa tu, moto unabaki vile vile. Ukiuweka kwenye sekunde 1 unapata moto, roho, na mapigo mengi ajabu. Ukishajifunza unaweza kuutia kwenye silaha yoyote, siyo shoka tu. Shoka lenyewe linapotea, hilo ulijue kabla.

Na ukitaka kujifunza uchawi wa aina yoyote, vunja kifaa cha bei ya chini kuliko vyote chenye uchawi huo. Nguvu ya kile ulichokivunja haihamii kwenye vya kwako. Upanga wa moto dhaifu na upanga wa moto mkali vinakufundisha kitu kimoja. Ule mkali uuze.

Kupandisha hiyo 12: uko Enchanting 35, Enchanter ya pili inadai 20 na Fire Enchanter inadai 30. Ukichukua zote mbili moto unatoka 12 kwenda kama 17 au 18. Hizo ni pointi mbili, na zinazidi jiwe lolote utakaloliokota.

Jambo ambalo halionekani kwenye skrini: moto wa uchawi ni ule ule kwa kila pigo, haijalishi silaha ni nzito au nyepesi. Kisu kinachopiga haraka kinatoa moto mwingi kwa dakika kuliko nyundo, ila kinamaliza chaji haraka kwa kiasi hicho hicho. Na pigo la nguvu halizidishi moto, wala pigo la kuvizia halizidishi. Vile vile kwa sumu. Ile mara mbili ya mshale wa kuvizia inazidisha chuma tu.

Mawe nayo yana mtego wake. Roho ndogo inaweza kuingia kwenye jiwe kubwa kama hakuna dogo lililo tupu. Unaua mbwa mwitu, unajikuta na Grand iliyoandikwa Petty pembeni, na hapo umepoteza jiwe. Tembea na Petty na Lesser tupu tatu nne kila wakati ili roho ndogo zipate pa kukaa. Mnyama wa levo 38 kwenda juu ndiye anayetoa roho ya Grand. Roho za watu zinaingia kwenye mawe meusi, na zenyewe zote ni Grand, ndiyo maana wachezaji wenye kambi za majambazi karibu nao hawakosi mawe. Ukipata Azura's Star, jiwe la roho la kipekee, tatizo linapungua, kwa sababu halipotei ukilitumia.

mshale_kimya ameandika:

Asanteni sana wakuu, ile hesabu ya 6.78 nimeijaribu kwenye meza imetoka sawa kabisa. Imp Stool, River Betty na yai zimeandika 34 na 7.

Swali la mwisho. Nataka sumu ya kupooza. Nimechanganya Imp Stool na Swamp Fungal Pod, adui anaanguka kweli, lakini nikianza kumpiga uhai wake umerudi juu. Na ile ya sumu na uchawi pamoja bado sijajibiwa.

kibuyu_cha_tatu amejibu:

Umeingia kwenye mtego ule ule wa Falmer Ear, mkuu, ila umevaa nguo nyingine. Imp Stool na Swamp Fungal Pod vinakutana kwenye Paralysis na kwenye Restore Health. Paralysis ni ghali zaidi, kwa hiyo chupa inaitwa sumu, lakini Restore Health imo na inamponya huyo huyo uliyemlaza. Toa Swamp Fungal Pod, weka Canis Root. Imp Stool na Canis Root wanakutana Paralysis peke yake.

Njia ya kuepuka hili kila mara: kabla hujathibitisha kwenye meza ya dawa, soma mistari yote ya chini, siyo jina la juu. Ukiona Restore, Resist au Fortify kwenye chupa inayoitwa sumu, rudi nyuma ubadilishe kiungo kimoja. Kama athari ya kiungo bado haijaonekana, kile kiungo ukikila kinakuonyesha ya kwanza, na perki ya Experimenter inafungua zaidi. Nyingine zinajifungua ukizichanganya.

Sasa ongeza Slaughterfish Egg kwenye Imp Stool na Canis Root. Imp Stool na yai vinaleta Lingering Damage Health, Canis Root na yai hawana chochote pamoja. Kwa namba yako ya sasa adui analala sekunde 7 huku anapoteza karibu 7 kila sekunde, na akianza kuinuka bado anaendelea kupungua. Anapoinuka anachukua muda wa kusimama, na muda huo nao ni wako. Joka hapoozi, usimpotezee.

Kwa mtu wa upinde na upanga ningegawa hivi: ya River Betty ipake upindeni, kwa mshale wa kwanza ukiwa umejificha. Ya kupooza ipake upangani kabla vita haijaanza, ikae inasubiri. Atakayekukimbilia anakutana nayo kwenye pigo la kwanza. Silaha ikishapakwa haipokei sumu nyingine mpaka ya kwanza itumike, kwa hiyo uamuzi ufanye mapema. Weka chupa zako kwenye orodha ya vipendwa, mchezo unasimama ukiifungua, unapaka nyingine katikati ya vita bila kupigwa.

Ndiyo, sumu na uchawi vinakaa pamoja kwenye silaha moja na vyote viwili vinafanya kazi kwenye pigo moja. Sumu inapimwa dhidi ya kinga ya sumu, moto dhidi ya kinga ya moto na ya uchawi, kila kimoja na njia yake. Dunmer (Dark Elf) anakata moto wako nusu lakini sumu inampata yote. Draugr ni kinyume: sumu haimgusi, moto unampata, na ukija na barafu anaikata nusu kwa sababu ana kinga ya 50%. Ndiyo maana upanga wako wa moto na chupa za mkemia ni jozi nzuri, kila kimoja kinafunika pale mwenzake anaposhindwa.

Watu watakwambia upake Weakness to Fire (udhaifu kwa moto) ili moto uzidi. Inafanya kazi, Bleeding Crown na Juniper Berries vinakutana hapo tu. Lakini kwako wewe itakuwa 20%, yaani moto wa 12 unakuwa 14 na kidogo. Umetumia nafasi ya sumu ya 102 ili upate 2. Isubiri mpaka moto uwe mkubwa. Weakness to Poison ni tofauti kidogo, Deathbell na Giant Lichen au Chaurus Eggs na Bleeding Crown, inadumu sekunde 30. Kwako ni 14%. Kwa Redguard inashusha kinga kutoka 50 hadi 36, hapo kwa kiongozi wa kambi naona inafaa: mshale wa kwanza Weakness, upanga sumu yenyewe. Kwa askari wa kawaida hapana.

mkemia_wa_Morthal amejibu:

Naongezea kwa kibuyu_cha_tatu, maana hapa ndipo kazi ya fundi_roho na ya kwangu zinapokutana.

Nguvu ya sumu inahesabiwa wakati unapika, siyo wakati unapiga. Kwa hiyo tengeneza seti ya Fortify Alchemy: kofia, glavu, pete, mkufu. Vaa vyote vinne, pika, vua, rudi kwenye nguo zako za vita. Sumu inabaki na nguvu ile. Enchanting ikifika 100 na perki zote za Enchanter pamoja na Insightful Enchanter, kila kifaa kinafika 25%, vinne ni 100%, na sumu zako zinakuwa mara mbili. River Betty kwa Alchemy 100 yenye perki zote ni 75, ukivaa seti ni 150, kabla hujaongeza Lingering Damage Health. Hapa ndipo mawe ya Grand yanapotakiwa kwenda kwanza, kwa sababu kwenye nguo roho kubwa ndiyo inayogeuza nguvu, kama alivyosema fundi.

Na kinyume chake, kabla ya kutia uchawi kitu cha maana kunywa dawa ya Fortify Enchanting. Snowberries na Hagraven Claw, safi, haileti kitu kingine. Ukiongeza Blue Butterfly Wing bado ni safi. Ukiweka Blue Butterfly Wing na Spriggan Sap ndipo Damage Magicka Regen inapoingia. Dawa inadumu sekunde 30, kwa hiyo simama mbele ya meza ndipo unywe. Snowberries zimejaa kwenye vichaka vya milima ya theluji, huna haja ya kuzinunua.

Utasikia pia habari za Fortify Restoration, kwamba ukiinywa halafu ukavua na kuvaa upya seti yako, namba zinapanda bila mwisho. Ni kweli kwenye mchezo usiorekebishwa. Lakini namba zikizidi sana zinageuka hasi na mchezo unaweza kuanguka, na ukihifadhi ukiwa hivyo unabeba tatizo hilo kwenye faili lako. Sikushauri uiguse kwenye faili unalolijali.

Purity, perki ya 100, inaondoa athari nzuri zote kwenye sumu. Ingekuokoa na Falmer Ear na Swamp Fungal Pod bila kufikiri. Ila usiikimbilie: ustadi wa Alchemy unapanda kulingana na bei ya chupa, na chupa yenye athari nyingi ina bei kubwa. Ukiichukua kabla ya wakati chupa zako zinashuka bei na mfuko wako unahisi. Jifunze kuchagua viungo kwanza.

Hesabu zote hizi ni zile zile kwenye toleo la 2011, Special Edition ya 2016 na Anniversary Edition ya 2021, isipokuwa umeweka modi (nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji) inayobadilisha Alchemy. Kama namba zako zinatoka tofauti, taja modi ulizonazo.

fundi_roho ameongeza:

Kwa wenye perki ya Poisoned kwenye mti wa Pickpocket, ustadi 40: ile chupa ya Imp Stool, River Betty na yai unaweza kumtilia mtu mfukoni akiwa hajakuona, inamfanyia kazi bila silaha. Kwa hiyo shabaha inayokaa kwenye kiti haihitaji mshale, na sumu haipotei hewani kama ya upindeni.